Gadji Beri Bimba: Kuirudia Fear of Music

Mara ya kwanza nilipousikia wimbo wa "I Zimbra" niliusimamisha katikati, nikaurudisha mwanzo. Magitaa yalikuwa yanaitikiana kwa namna niliyoizoea, tumba zilikuwepo, besi ilikuwa inatembea, na juu yake watu kadhaa waliimba kwa pamoja kitu ambacho sikio langu lilikataa kukiri kwamba halikijui. Gadji beri bimba. Nikajiambia hiki ni Kilingala cha pembeni huko, au Kiyoruba, au pengine Kishona, maana mwishoni kuna neno linaloelekea kuwa Zimbabwe. Niliupiga mara nne. Rafiki yangu mmoja mzaliwa wa Lubumbashi akausikiliza hadi mwisho, akacheka. "Kaka, hawa hawasemi kitu."

Alikuwa sahihi. Hiyo ni lugha ambayo haijawahi kuwa na msemaji hata mmoja. Maneno yake yalitungwa na Mjerumani nchini Uswisi mwaka 1916, yakaja kuimbwa New York mwaka 1979 na vijana wanne weupe wenye elimu ya vyuo vya maana. Ndio wimbo unaofungua Fear of Music, albamu ya tatu ya kundi la roki la Talking Heads, iliyotoka tarehe 3 Agosti 1979. Wanaoandika historia ya muziki wa roki hupenda kuutaja wimbo huo kama mlango ambao kundi hilo lilipitia kuingia Afrika. Sasa ni mlango gani huu, ambao kibao chake kimeandikwa kwa lugha isiyokuwepo?

Nimeirudia albamu nzima mwaka huu, kwa vipaza sauti vya masikioni na kwa spika za sebuleni, na nadhani jibu lipo. Halipo kwenye maneno, na kwa kiasi kikubwa halipo hata kwenye tumba. Lakini kabla ya kulifikia, kuna jina moja la kuondoa njiani.

Jina la dukani

Fear of Music huwekwa kwenye kabati la "wimbi jipya", aina ya roki iliyoibuka Marekani na Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukiuliza wimbi jipya ni muziki wa namna gani utatajiwa Blondie, The Cars, Elvis Costello, Devo, The Police na Talking Heads. Wasikilize wote mfululizo mchana mmoja, utashangaa waliingiaje kapu moja. Blondie wana disko, The Police wana rege, Devo wanaimba kama mashine zilizoajiriwa serikalini. Hakuna mdundo wa wimbi jipya kama ulivyo mdundo wa chakacha au wa mchiriku, ambao unautambua hata ukiwa nyumba ya pili.

Ni kwa sababu jina lenyewe lilifanya kazi ya biashara kabla ya kufanya kazi ya muziki. Liliazimwa kutoka kwa watengeneza sinema wa Ufaransa, na mwanzoni watu walilitumia sawasawa na neno "panki". Mwaka 1977 Seymour Stein, bosi wa lebo ya Sire ambayo ilikuwa na mikataba na Ramones na Talking Heads, aliona kwamba redio za Marekani zinalikimbia neno panki. Panki lilinuka fujo. Kampuni yake ikafanya kampeni ya kuwasihi watu waache kuuita muziki huo panki, wauite wimbi jipya. Ni kama muuza samaki aliyeona wateja wanalikwepa jina la samaki fulani, akafuta ubao na kuandika jina jingine. Samaki ni yule yule, barafu ni ile ile.

Kilichowakutanisha wengi wao ni mahali zaidi ya mdundo. CBGB ilikuwa baa nyembamba kwenye barabara ya Bowery, Manhattan, iliyofunguliwa na Hilly Kristal mwaka 1973. Herufi za jina lake zilisimama badala ya kantri, blugrasi na bluzi, muziki ambao karibu haukupata kupigwa hapo. Talking Heads walipanda jukwaa hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1975, wakiwafungulia Ramones. Ramones walivaa jaketi za ngozi na jinzi zilizochanika. Talking Heads walikuja na mashati ya kola kama makarani waliotoroka ofisini saa ya chakula.

David Byrne, mzaliwa wa Dumbarton huko Uskoti, alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa. Chris Frantz alipiga ngoma. Tina Weymouth alijifunza besi kwa sababu kundi lilihitaji mtu wa besi na Frantz, aliyekuwa mpenzi wake na baadaye mumewe, alimshawishi. Hawa watatu walijuana katika chuo cha sanaa cha Rhode Island. Jerry Harrison, aliyesoma Harvard na kupigia kundi la Modern Lovers, aliongezeka baadaye na kinanda chake na gitaa lake. Besi ya Weymouth naitaja mapema kwa makusudi. Kwa masikio yangu ndiyo uti wa mgongo wa kila kitu kizuri walichowahi kukifanya: noti chache, nafasi kubwa katikati, na hakuna kujionyesha.

Gari lililoegeshwa chini ya dirisha

Mtu wa tano alikuwa Brian Eno, Mwingereza, mtayarishaji wao kuanzia albamu ya pili. Alikutana nao London mwaka 1977 walipokuwa ziarani na Ramones, na akawapenda kiasi cha kutunga wimbo uitwao "King's Lead Hat", ambao ukizipanga upya herufi za jina lake unapata Talking Heads. Eno alikuwa na santuri aliyoinunua London miaka kadhaa nyuma, Afrodisiac ya Mnigeria Fela Kuti ya mwaka 1973, na aliwasikilizisha akiwaambia kwamba muziki unaelekea huku. Kwa hiyo ukitaka kujua Afrika iliingiaje kwenye albamu hii, njia ya kwanza ni fupi kabisa: iliingia kwenye bahasha ya kadibodi, kutoka duka la London.

Albamu yenyewe ilianza kurekodiwa nyumbani. Frantz na Weymouth walikuwa wanaishi kwenye ghala lililogeuzwa makazi huko Long Island City, ng'ambo ya mto kutoka Manhattan. Badala ya kwenda studio, waliita gari la kurekodia la studio ya Record Plant, likaegeshwa barabarani, nyaya zikapandishwa kupitia dirishani. Nyimbo za msingi zilipatikana katika siku mbili za Jumapili, tarehe 22 Aprili na tarehe 6 Mei 1979. Sauti na mapambo mengine viliongezwa baadaye studio.

Hili linaweza kuonekana jambo la mafundi tu, lakini limo kwenye muziki. Watu wanne walikuwa wanapiga pamoja chumba kimoja, mahali wanapolala na kupika, na wengi wa midundo hiyo ilikuwepo kabla ya maneno. Byrne alikuwa na tabia ya kutunga nyimbo akiwa peke yake na gitaa na kuzileta zikiwa nzima. Safari hii baadhi ya nyimbo zilizaliwa kwa kupigapiga hadi kitu kinanase, kisha mwimbaji akaachiwa mdundo uliokamilika ambao hauna hata neno moja. Na kwenye mdundo mmojawapo, Byrne alikwama.

Kinu kimoja, michi mitatu

Ngoja kwanza nieleze mdundo huo unavyofanya kazi, maana hapa ndipo panapofichwa jibu la swali langu.

Roki ya kawaida ya wakati ule ina mkubwa na wadogo. Kuna mwimbaji, kuna kodi za gitaa, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zinazobadilika chini yake kumpeleka kutoka ubeti hadi kiitikio, na ngoma zinahesabu muda. Ukimtoa mwimbaji unabaki na fremu bila picha. "I Zimbra" haiendi hivyo. Kodi karibu hazisogei. Gitaa moja lina kipande kifupi ambacho ukikisikiliza peke yake unaona kimekatika, kama mtu aliyeanza sentensi akaitwa nje. Gitaa la pili linaingia pale pale lilipoacha pengo. Besi inajibu kwa pengo lake. Tumba zinajaza kilichobaki. Juu yake mpiga gitaa Robert Fripp wa kundi la King Crimson, mgeni mwalikwa, anashona noti za haraka haraka kama cherehani. Hakuna hata mmoja anayeupiga wimbo. Wimbo unatokea katikati yao.

Aliyewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja anajua hesabu hii. Mchi unashuka wakati mwingine unapanda, na wa tatu upo hewani. Sauti unayoisikia ukiwa mbali ni moja, yenye mwendo wake, lakini hakuna anayeitoa peke yake. Na akitokea mmoja anayetaka kuonekana hodari kuliko wenzake, michi inagongana na mahindi yanamwagika. Shabiki wa muziki wa dansi pia hahitaji maelezo marefu. Panga solo, mi-solo, ridhimu na besi, subiri sebene ianze, na utasikia mgawanyo uo huo wa kazi, ingawa mapigo ni mengine. Fela na mpiga ngoma wake Tony Allen walikuwa na mpango wao, mrefu na mzito zaidi, wenye matarumbeta. Lakini kanuni ya chini ni ya ukoo mmoja: kila mtu abebe kidogo, na asibebe kingine.

Hicho ndicho Talking Heads walichokichukua Afrika. Sio ala, maana tumba zinapatikana New York kila kona kwa sababu ya Wapuerto Riko na Wakuba. Sio lugha, kama tutakavyoona. Walichukua namna ya kugawana kazi. Kwa kundi la roki lililozoea kumfuata mtunzi mmoja, hayo yalikuwa mapinduzi ya ndani ya nyumba, na ndiyo maana baadaye yaliwagombanisha. Tazama majina ya watunzi kwenye albamu hii. Nyimbo nyingi zimeandikwa Byrne peke yake. "Life During Wartime" imeandikwa wote wanne. "I Zimbra" imeandikwa Byrne, Eno na mtu aliyekuwa amekufa karibu miaka 52. Kama wimbo unatokea katikati ya watu, nani mtunzi? Swali hilo liliwatafuna kwa miaka.

Askofu wa kadibodi

Aliyekufa ni Hugo Ball. Byrne alipokwama bila maneno, Eno ndiye aliyependekeza wachukue shairi lake la mwaka 1916.

Ball alikuwa Mjerumani aliyekimbilia Uswisi, nchi isiyopigana, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vinaichoma Ulaya. Zurich alifungua pamoja na mwenzake Emmy Hennings ukumbi mdogo ulioitwa Cabaret Voltaire, na hapo kundi la wasanii walianzisha mkondo wa sanaa uliokuja kuitwa Dada. Usiku mmoja wa Juni 1916 Ball alivalishwa mapipa ya kadibodi ya buluu yenye kung'aa, na kofia ndefu ya mistari ambayo mwenyewe aliifananisha na ya mganga. Hakuweza kutembea kwa vazi hilo, ikabidi abebwe kupandishwa jukwaani. Akasoma mashairi yasiyo na maneno, sauti tupu, na alipoona anaelekea kuchekwa sauti yake ikageuka yenyewe kuwa ya kasisi anayeimba misa. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko vazi. Lugha ya magazeti na ya wanasiasa imewapeleka mamilioni kufa, kwa hiyo tuitupe lugha hiyo tuanze upya na sauti.

Naielewa hoja hiyo, na naiheshimu. Lakini kuna jambo linanikera, na sijaona likisemwa. Alipotafuta sauti iliyo nje ya lugha, sauti "safi", masikio ya Ball na wenzake yalielekea upande mmoja: kwa Mwafrika wa kufikirika. Wengine pale Zurich walisoma waziwazi walichokiita mashairi ya Kinegro huku wakipiga ngoma. Na mwezi huo huo wa Juni 1916 vita hiyo hiyo waliyoikimbia ilikuwa inapiganwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalikuwa yanashuka kutoka kaskazini, Tanga ilianguka Julai, Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba, na mizigo ya pande zote mbili ilikuwa vichwani mwa wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi zaidi ya risasi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Watu wale walikuwa na lugha. Walikuwa na nyimbo za kubebea mizigo zenye maneno yenye maana kamili, mengine ya kuwatukana mabwana. Zurich hakuna aliyekuwa anazisikiliza.

Kwa hiyo "I Zimbra" ina safu mbili za Afrika zilizopandiana. Ya chini, ya magitaa, imejifunzwa kwa kusikiliza kazi halisi ya watu halisi. Ya juu, ya maneno, ni Afrika ya kubuni iliyotengenezwa na Mzungu mwenye uchungu miaka 63 kabla.

Nilitaka kuishia hapo kwa hasira kidogo. Halafu nikakumbuka santuri za GV.

Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilileta Afrika mfululizo wa santuri za muziki wa Kuba, zenye herufi GV kwenye lebo. Zilipigwa Leopoldville (Kinshasa ya leo), zilipigwa Dar es Salaam, na vijana walioziiga ndio waliotuletea rumba na dansi. Waimbaji wa Kongo wa kizazi kile waliimba Kihispania ambacho hawakukijua. Walikuwa wanasikia mlio, wanaufuata, na penye pengo wanajaza cha kwao. Mhispania akisikiliza anabaki kama mimi na "I Zimbra", anangoja neno ambalo halifiki. Hakuna aliyeona ni dharau kwa Wakuba. Mdundo wenyewe ulikuwa umetoka pwani ya Kongo karne zilizopita kwenye mashua za watumwa, ukarudi na pasipoti ya kigeni.

Basi kuimba lugha usiyoijua sio kosa lenyewe. Tofauti iko kwenye mizani. Kijana wa Leopoldville aliyeimba Kihispania cha uongo hakuwa na uwezo wa kumfanya Mkuba aonekane hana lugha. Ulaya ya 1916 ilikuwa na uwezo huo juu ya Afrika, na iliutumia. New York ya 1979 ipo mahali fulani katikati, na naona Byrne na Eno walilijua hilo kuliko wanavyosifiwa. Wangeweza kuweka Kiyoruba cha kubabaisha. Walichagua maneno ambayo Mwafrika hawezi kudaiwa kuyaelewa.

Siku ishirini na mbili baada ya Chicago

Mtu anayeisikiliza albamu hii leo hawezi kuhisi jinsi kuchezeka kwake kulivyokuwa suala la kugombania. Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park huko Chicago, mtangazaji wa redio ya roki aliyeitwa Steve Dahl alikusanya santuri za disko na kuzilipua kati ya mechi mbili. Kiingilio kilikuwa senti 98 na santuri moja ya disko. Maelfu walivamia uwanja, mechi ya pili ikashindikana. Disko ilikuwa imelelewa kwenye kumbi za watu weusi, Walatino na mashoga, na kelele ya kwamba "disko imekufa" haikuwa ya mdundo peke yake.

Siku 22 baadaye Fear of Music inafika madukani. Wimbo wake wa tano, "Life During Wartime", una kiitikio kinachosema hii sio pati, hii sio disko, hakuna muda wa kuchezacheza. Wapenzi wa roki waliosikia hapo waliweza kudhani wamepata mwenzao. Lakini sikiliza chini. Besi, ngoma na tumba zinapiga kitu ambacho huwezi kukisimamia wima. Mdomo unakataa disko, kiuno kinaikubali.

Anayesema kwenye wimbo ni mtu aliye mafichoni. Amebadilisha nywele mara nyingi hadi hajui anafananaje, ana pasipoti kadhaa, analala mchana na kufanya kazi usiku, ana siagi ya karanga ya kumtosha siku mbili tatu, na anaitaja CBGB kama mahali ambapo hana tena muda wa kwenda. Vita vipo ndani ya Marekani yenyewe. Ni vya nini, haambii. Byrne alieleza kwamba aliuandika kwenye makazi yake karibu na Avenue A, akifikiria kundi la wapiganaji wa siri la Baader-Meinhof la Ujerumani na kisa cha Patty Hearst, binti wa ukoo wa kitajiri aliyetekwa kisha akajiunga na watekaji wake, na zaidi ya hapo maisha ya mtaa wake. New York ya miaka hiyo ilikuwa imenusurika kufilisika mwaka 1975, ikazimika umeme Julai 1977 na maduka yakaporwa usiku kucha. Mtu mwenye hofu hakuhitaji kubuni sana.

Wimbo huo ulifika nafasi ya 80 tu kwenye chati ya Marekani. Albamu ilifika ya 21. Namba hizo hazinishughulishi. Kinachonishughulisha ni kwamba wimbo wa mafichoni ndio uliotungwa na wote wanne, chumba kimoja, kwa kupokezana. Mtu anayesema hana mtu wa kumwamini amebebwa na mdundo ambao hauwezi kusimama bila kuaminiana.

Hewa, karatasi, wanyama

Nyimbo nyingine nyingi zina kichwa cha neno moja: "Mind", "Paper", "Cities", "Air", "Heaven", "Animals", "Drugs". Ni kama orodha ya vitu vya nyumbani iliyoandikwa na mtu ambaye kila kitu kimeanza kumtazama. Wanyama wanatucheka. Hewa inaweza kukuumiza. Gitaa la umeme linakanyagwa na gari barabarani na kesi inafika mahakamani. Byrne anaogopa vitu ambavyo hakuna anayeviogopa, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la maji yatakapokatika, na hapo unacheka, halafu unaacha kucheka. Jina la albamu, hofu ya muziki, nalo halijatoka mbali: kuna kifafa cha kweli, adimu sana, kinachochochewa na muziki.

Sio zote zimezeeka vizuri. "Animals" ni mzaha wa dakika moja uliovutwa kuwa wa tatu, na "Electric Guitar" naiachia ipite huku nikijaza birika. "Memories Can't Wait" ni jambo jingine, giza lenye mwangwi, pati inayoendelea kichwani mwa mtu baada ya wageni wote kuondoka. Kundi la Living Colour, roki ya watu weusi wa New York, waliirudia mwaka 1988 na kuipa misuli. Na "Heaven", aliyoitunga Byrne na Harrison, ndiyo ninayoirudia kuliko zote. Peponi ni baa. Bendi inapiga wimbo unaoupenda, inaupiga tena, usiku kucha. Hakuna kinachotokea kamwe. Mpaka leo sijaamua kama huo ni mwaliko au onyo, na mdundo wake wa polepole haunisaidii.

Jalada la mwanzo, kazi ya Harrison, ni jeusi tupu lenye nakshi zilizoinuka kama bati la chuma la kuzuia utelezi. Ukiwahi kupanda daladala umeikanyaga nakshi hiyo mlangoni.

Waliokwenda mbele

Mwaka uliofuata walirudi Bahamas, walikorekodia albamu ya pili, na kuutanua mpango wa "I Zimbra" kuwa albamu nzima, Remain in Light, iliyotoka Oktoba 1980. Safari hii Byrne alikuwa amesoma kitabu cha John Miller Chernoff kuhusu ngoma za Ghana, na kundi lilikitaja waziwazi kwa waandishi wa habari. Mambo ya nani alitunga nini yakazidi kuchacha.

Mwimbaji Angélique Kidjo alifika Paris mwaka 1983 akitokea Benin. Alipousikia wimbo mmoja wa albamu hiyo kwenye pati alisema huu ni wa Kiafrika, wenzake wakambishia kwamba ni roki ya Marekani. Miaka 35 baadaye, mwaka 2018, alirekodi upya Remain in Light nzima, akiwa na Tony Allen mwenyewe kwenye ngoma. Ni Kidjo yule yule aliyeimba "Malaika" kwenye albamu yake ya Logozo mwaka 1991, na kama ulisikia matamshi yake ya Kiswahili unajua alivyo makini na maneno ya watu.

"I Zimbra" hakuigusa, haimo kwenye albamu hiyo. Ilibaki kwa Byrne. Mwaka 2019 aliipandisha Broadway, ukumbi wa Hudson, kwenye onyesho lake la American Utopia: wanamuziki wa nchi mbalimbali, suti za kijivu, miguu peku, ngoma zimefungwa mwilini ili kila mtu atembee. Kabla ya kuipiga alisimama akawaeleza watazamaji habari za Dada, za Hugo Ball na za vita. Halafu wote wakaanza, kila mmoja na kipande chake kisichokamilika, na sauti zikapanda pamoja: gadji beri bimba. Nimeitazama rekodi hiyo mara kadhaa. Kila wanapofika hapo, bado nanyoosha shingo kusikia watasema nini.